Zimwi Moja na Vibaraka Wengi: Mizani ya Mapambano katika Michezo ya Uigizaji wa Mezani na Zamu ya Kusema katika Darasa la Kiswahili nchini Uganda

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna nguvu za maadui wachache wenye uwezo mkubwa zinavyoweza kulinganishwa na nguvu za maadui wengi dhaifu katika michezo ya uigizaji wa mezani. Kwa kutumia hesabu rahisi ya mfano, yanaonyesha kwamba mizani hiyo huamua pia nani atapata zamu, mara ngapi, na kwa muda gani. Hoja kuu ni kwamba mchezo unapotumiwa kufundishia lugha, mizani ya mapambano ndiyo mizani ya usemaji, na kwa hiyo haifai kuachwa kwa bahati ya kete.

1. Utangulizi

Tangu mtaala mpya wa kidato cha chini ulipoanza kutumika nchini Uganda mwaka 2020, Kiswahili kimekuwa somo la lazima katika kidato cha kwanza na cha pili. Julai 2022, Baraza la Mawaziri liliidhinisha Kiswahili kiwe lugha rasmi ya nchi. Maamuzi haya yameongeza idadi ya wanaojifunza Kiswahili, lakini hayajampa kila mwanafunzi fursa ya kukizungumza. Mwanafunzi wa Kampala husikia Luganda mtaani na Kiingereza shuleni. Saa ya somo ndiyo huenda ikawa nafasi yake pekee ya kutamka sentensi ya Kiswahili mbele ya mtu mwingine. Kwa hiyo, mbinu yoyote ya kufundishia inapaswa kupimwa kwa swali moja: je, inagawaje zamu za kusema?

Mchezo wa uigizaji wa mezani ni mbinu inayostahili kupimwa hivyo. Msimulizi mmoja huelezea mandhari na kuwasemea maadui, na kila mchezaji hutangaza kwa maneno jambo ambalo mhusika wake anatenda. Matokeo ya tendo huamuliwa kwa kete. Hauhitaji umeme wala kompyuta. Hata hivyo, usipopangwa vizuri huwanyamazisha wachezaji walewale uliokusudiwa kuwapa sauti.

2. Chimbuko la tatizo

Mchezo wa kwanza mashuhuri wa aina hii, Dungeons & Dragons, uliotungwa na Gary Gygax na Dave Arneson, ulichapishwa Marekani mwaka 1974. Watunzi wake na waliowafuata wamehangaika na swali lilelile hadi leo: jitu moja lenye nguvu linalingana na wadhaifu wangapi? Toleo la nne, la mwaka 2008, lilianzisha maadui wadogo wenye alama moja tu ya uhai, wanaoanguka kwa pigo moja. Toleo la tano, la mwaka 2014, liliagiza kwamba maadui wakiwa watatu hadi sita, jumla ya thamani yao izidishwe mara mbili wakati wa kukadiria ugumu wa pambano, kwa kuwa wengi huwa na zamu nyingi. Toleo hilohilo liliwapa baadhi ya maadui wakuu matendo ya ziada baada ya zamu za wengine, ili jitu moja lisizidiwe na kundi. Katika marekebisho ya mwaka 2024, kanuni ya kuzidisha iliondolewa. Mabadiliko haya ni ushahidi kwamba tatizo halina jawabu moja la kudumu.

Mwanafunzi wa Uganda hukutana na swali hili akiwa na uzoefu wake. Katika omweso, wenye mashimo 32 na kete 64, hakuna kete iliyo bora kuliko nyingine. Nguvu hutokana na mahali kete zilipo na wingi wake. Katika sataranji, ambayo vijana wa Katwe wameitangaza duniani, malkia hukadiriwa kuwa na thamani ya askari tisa. Mchezo wa uigizaji huunganisha mantiki hizi mbili: una vipande visivyo sawa, na wingi wenyewe ni nguvu.

3. Hesabu ya mfano

Tuseme wapo wachezaji wanne, kila mhusika akiwa na alama 20 za uhai. Kila pigo la mhusika hufanikiwa mara moja katika kila majaribio mawili na kuondoa alama 6. Kwa wastani, basi, kila zamu huondoa alama 3. Katika kila mzunguko wachezaji hutangulia.

Katika pambano la kwanza, adui ni zimwi moja lenye alama 48, ambalo kwa wastani huondoa alama 8 katika kila zamu na kumwandama mhusika mmoja hadi aanguke. Wachezaji watahitaji zamu 16 kuliangusha. Kabla ya hapo zimwi litakuwa limetenda mara nne na kuondoa alama 32. Mhusika mmoja huanguka mwishoni mwa mzunguko wa tatu, na mchezaji wake hubaki akiwatazama wenzake wakiendelea.

Katika pambano la pili, nguvu zilezile zinagawanywa kwa vibaraka wanane, kila mmoja akiwa na alama 6 za uhai na kuondoa wastani wa alama 1. Jumla ya uhai na jumla ya mashambulizi ya mwanzo ni sawa na za zimwi. Wachezaji watahitaji zamu zilezile 16. Hata hivyo, kila mzunguko huangusha vibaraka wawili, na kila anayeanguka huondoka na pigo lake. Vibaraka sita hubaki kujibu katika mzunguko wa kwanza, wanne katika wa pili, wawili katika wa tatu. Madhara yote ni alama 12 tu, na hakuna mhusika anayeanguka. Zimwi hupiga kwa nguvu kamili hadi pumzi ya mwisho, ilhali kundi hudhoofika njiani.

Katika pambano la tatu, idadi ya vibaraka inaongezwa maradufu: kumi na sita. Mtu angetarajia madhara yaongezeke mara mbili. Badala yake yanapanda kutoka alama 12 hadi 56, yaani zaidi ya mara nne, kwa sababu walioongezwa wanapiga zaidi na pia wanarefusha pambano. Mhandisi Mwingereza Frederick Lanchester aliieleza kanuni hii mwaka 1916 alipochunguza vita vya angani: pale ambapo kila mpiganaji anaweza kumfikia adui yeyote, nguvu ya kundi hukua kwa kipeo cha pili cha idadi yake.

Kwa mwalimu, takwimu muhimu zaidi ni ya zamu. Katika pambano la kwanza msimulizi ana zamu 4 na wachezaji 16, lakini mmoja wao amenyamazishwa kabla ya mwisho. Katika la pili msimulizi ana 12, na kila mchezaji ana nne kamili. Katika la tatu wachezaji wana 32 na msimulizi ana 56. Somo limegeuka kuwa hotuba ya mwalimu, ingawa kwa nje linaonekana kuwa mchezo.

4. Mchanganyiko unaozua mjadala

Suluhisho la kawaida ni kuchanganya. Tuchukue zimwi lenye alama 24 na pigo la wastani wa alama 4, likifuatana na vibaraka wanne wa aina iliyotajwa. Wachezaji wakianza na zimwi, watapata madhara ya alama 8, kisha 4, kisha 2: jumla 14. Wakianza na vibaraka, watapata 6, kisha 4, kisha 4: jumla ni 14 vilevile. Njia zote mbili zina watetezi wenye hoja. Pigo la zimwi likipandishwa hadi alama 6, kuanza na zimwi hugharimu 16 na kuanza na vibaraka hugharimu 20. Mjadala unafungwa, kwa kuwa jawabu ni moja.

Hapa ndipo faida ya kiisimu inapopatikana. Uamuzi usio na jawabu la wazi humlazimu mwanafunzi kutumia miundo ambayo mazoezi ya ubaoni huifundisha kwa shida: masharti ya -ki- (“tukilishambulia zimwi, vibaraka watatuzunguka”), dhana ya -nge- (“ningekuwa na ngao, ningetangulia”), na dhamira tegemezi (“tumsubiri mwenzetu”). Ili msimulizi asimeze muda, vibaraka watende kwa pamoja katika zamu moja, kwa kete moja. Mchezaji ambaye mhusika wake ameanguka apewe sauti ya mhusika mwingine, asiachwe mtazamaji.

5. Ngano kama ghala la mifano

Fasihi simulizi ya eneo hili ina mapambano yaliyopangwa kwa ustadi. Katika ngano ya Nunda mla watu, iliyomo katika mkusanyiko wa Edward Steere wa mwaka 1870, kijana huua wanyama wanaozidi kuwa wakubwa, na kila mara mama yake humwambia kwamba bado hajamuua Nunda. Huo ni mpangilio wa ugumu unaopanda hatua kwa hatua. Katika masimulizi ya Buganda, Kayikuuzi anamwinda Walumbe, yaani Kifo, huko Ttanda, magharibi mwa Kampala. Watu wanaagizwa wanyamaze. Watoto wanapiga kelele, na Walumbe anarudi ardhini. Hapo matokeo yanaamuliwa na sauti za wanyonge zaidi, wala si kwa mapigo. Mwalimu anayehitaji adui asiyeshindika kwa silaha hana haja ya kuagiza joka kutoka ng’ambo.

Istilahi nazo zichaguliwe kwa uangalifu. Kuwaita maadui wadogo “askari” katika nchi ambamo Kiswahili kilihusishwa kwa muda mrefu na kambi za jeshi ni kuamsha kumbukumbu ambazo somo linajaribu kuzivuka. “Kibaraka” lina sumu yake ya kisiasa, lakini lina wazo linalohitajika: mtu anayetumikia nguvu isiyo yake.

6. Hitimisho

Mambo matatu yanapendekezwa kwa wapangaji wa mitaala na wakufunzi wa walimu. Kwanza, mchezo wowote wa kufundishia uambatane na hesabu ya zamu, si ya alama za ushindi pekee. Pili, makundi yawe madogo, na wanafunzi wenyewe wafunzwe usimulizi ili darasa kubwa ligawike. Tatu, mapambano yajaribiwe kwa kalamu na karatasi kabla ya kuingizwa darasani, kwa njia iliyoonyeshwa hapa. Sera imekwisha kumpa mwanafunzi wa Uganda haki ya kujifunza Kiswahili. Kinachobaki ni kuhakikisha kwamba saa ya somo inapokwisha, naye amekwisha kusema.