Kunyonya Hadi Miaka Miwili: Neno la Muuguzi

Mama wa Ujiji anayempeleka mtoto wa mwaka na nusu kupimwa uzito husikiliza sana kauli ya nesi. Akiambiwa "mwachishe ziwa ili ale vizuri," huenda akamwachisha jioni hiyohiyo. Ndiyo maana anachokijua muuguzi, na anachokiamini moyoni, kina uzito mkubwa.

Somo la miezi 6 bila hata maji limeenea: utafiti wa kitaifa wa Tanzania wa 2022 ulikuta asilimia 64 ya watoto walio chini ya umri huo wakinyonya maziwa ya mama pekee. Ugumu uko mbele. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto anyonye hadi miaka 2 au zaidi, huku akila, kwani katika mwaka wa pili maziwa ya mama bado hutoa kama theluthi ya nguvu anayoihitaji, pamoja na kinga. Uji au ugali laini wenye mawese na dagaa wa kusaga huongezwa juu ya ziwa, hauchukui nafasi yake.

Mwambao huu wa Ziwa Tanganyika unaijua hatari ya maji machafu. Mei 2015, wakimbizi wa Burundi walipofurika kijiji cha Kagunga, kipindupindu kiliwapata watu wapatao 3,000. Mahali kama hapo, maziwa yasiyohitaji kikombe wala maji ya kuchemsha huokoa maisha.

Mkanganyiko mkubwa umeletwa na VVU. Wauguzi waliosoma mapema miaka ya 2000 walifundishwa kuwashauri akina mama wenye virusi waachishe mapema. Mwongozo wa dunia wa 2016 ukabadilisha hilo: mama anayemeza ARV ipasavyo na kufuatiliwa anaweza kunyonyesha miezi 24 au zaidi. Asiyepata mafunzo mapya atarudia somo la zamani kwa nia njema kabisa.

Tena muuguzi ni mtu wa jamii. Hofu ya kumbemenda mtoto aliikuta nyumbani kabla ya chuo, na huenda bado anaamini kwamba mimba mpya huharibu maziwa. Haiyaharibu; mimba isiyo na matatizo kwa kawaida haimlazimu mama kuachisha.

Yeye mwenyewe akijifungua, likizo ni siku 84, kisha zamu za usiku. Sheria ya Ajira ya 2004 inampa hadi saa 2 kwa siku za kunyonyesha, lakini wodi yenye wauguzi wachache huzimeza. Aliyelazimika kumwachisha wake mapema atawezaje kumhimiza mwenzake kwa moyo mkunjufu? Mafunzo kazini yaende pamoja na kuzilinda saa hizo mbili.

Ujiji, mji wa Waislamu tangu zamani, una hoja nyingine iliyo karibu: aya ya 233 ya Suratul Baqara inataja miaka miwili kamili ya kunyonyesha. Muuguzi anaweza kuanzia hapo, kisha aulize mtoto anakula nini, mara ngapi, na kama anaharisha, kabla ya kugusa suala la ziwa.