Pikapu Kabla ya Kiinua Mgongo

Juma lililopita alifika ofisini kwetu ndugu yetu mmoja, mtumishi wa Serikali hapa Pemba, ambaye amebakiza miezi minane tu kutimiza umri wa miaka 60 na kustaafu. Hakuja kwa shauri la kazi. Alikuja kutuonesha pikapu ya dizeli aliyoinunua, gari lake la kwanza tangu azaliwe. Wapo waliomcheka waziwazi, wakasema kuwa mtu wa umri ule hununua kiti cha kupumzikia, si gari la mizigo. Sisi tunaona kuwa amefanya jambo la busara, na hatuna budi kueleza kwa nini, kwani nyuma yake wako watumishi wengi wanaoikaribia siku hiyo hiyo.

Mtumishi aliyepanda gari la ofisi kwa miaka thelathini aghalabu hajui gharama ya gari. Mafuta hutiwa na ofisi, matairi hununuliwa na ofisi, na likiharibika huitwa fundi wa ofisi. Siku ya kustaafu hukabidhi funguo, na kesho yake yumo njiani akingoja gari la abiria pamoja na wale aliokuwa akiwaachia vumbi. Uchungu wa siku hiyo ndio unaowafanya baadhi yao, wakishapokea kiinua mgongo, wakimbilie kununua gari bila ya kuuliza wala kuchagua. Tumeyaona kwa macho yetu magari ya namna hiyo, yamepandishwa juu ya mawe chini ya miembe, kuku wanataga ndani yake, na mwenyewe hana gari wala akiba.

Ndugu yetu alikwenda kinyume. Alinunua kwa akiba ya mshahara, na kiinua mgongo chake hakijaguswa. Gari lililokwisha kutumika huficha maradhi, na mengi hujitokeza miezi ya mwanzo. Yeye atayatibu mshahara ungali unaingia.

Tulipenda pia namna alivyochagua. Injini ya dizeli haina plagi za kutoa cheche. Hewa hubanwa kwa nguvu mpaka ikawa moto mkali, na mafuta yakirushwa ndani huwaka yenyewe. Kwa hiyo injini iliyochakaa, isiyoweza tena kubana hewa vyema, huwa nzito kuwaka asubuhi. Ndiyo maana alishurutisha kuikuta injini ikiwa baridi, na muuzaji aliyekwisha kuiwasha kabla hajafika alimtilia shaka. Kisha alitazama moshi. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Mweusi ni mafuta yaliyozidi au hewa iliyopungua. Mweupe usiokatika hata injini ikishapata moto ni mafuta yasiyoungua au maji ya rejeta yanayoingia ndani.

Jambo la mwisho lilikuwa kutu. Sisi watu wa visiwani tunaishi na chumvi, na chumvi haina huruma kwa chuma. Gari la kwanza aliloonyeshwa, huko Unguja, lilikuwa limepakwa rangi likang'ara kama bibi harusi. Alitandika jamvi, akaingia mvunguni na nyundo ndogo, akagonga chasisi, na nyundo ikatokeza upande wa pili. Muuzaji alikasirika. Ndugu yetu alimshukuru, akapanda meli akarudi Pemba mikono mitupu. Kurudi mikono mitupu baada ya kulipa nauli ni ushujaa ambao wanunuzi wengi hawana.

Hata hivyo, tusidanganyane. Pikapu si pensheni. Ndugu yetu ana shamba la mikarafuu na migomba, na majirani wenye mihogo ya kupeleka sokoni. Asiye na mzigo wa kubeba asinunue gari la mizigo. Karafuu nazo zina msimu wake, na mikarafuu haizai sawasawa kila mwaka. Mwenye kupiga hesabu kwa mwaka wa neema ataumbuka mwaka wa pili. Aidha, jamaa ni wengi. Yeye ameamua kwamba mgonjwa na maiti hawalipi, bali gunia hulipa, hata likiwa la ndugu wa baba mmoja. Kila safari huandikwa daftarini. Sehemu ya bei aliikopa kwa kaka yake, nayo imeandikwa mbele ya mashahidi. Tuliosoma chuoni tunajua kuwa aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani, iliyomo katika sura ya Al-Baqara, inahusu kuandikiana deni. Wangapi kati yetu tunaihifadhi aya hiyo na kuogopa kumuudhi ndugu kwa karatasi?

Kwa wakuu wa idara tuna neno. Kumwita mtumishi katika semina ya kustaafu wakati amebakiza mwezi mmoja ni sawa na kumfundisha kuogelea mtu ambaye ngalawa yake imekwisha pinduka. Mafunzo hayo yaanze miaka mitano kabla, na yafundishe kuweka akiba na kupiga hesabu ya chombo. Nazo njia za mashambani zitazamwe, kwani korongo moja la mvua za masika linaweza kuvunja springi iliyogharimu faida ya msimu mzima.

Kabla hajaondoka, ndugu yetu alifungua chujio la dizeli, akamwaga maji yaliyotuama chini yake, kazi ambayo anasema huifanya kila Ijumaa asubuhi kabla ya kwenda msikitini. Miezi minane ijayo atakabidhi funguo za Serikali mbele ya wenzake. Mkono mmoja utatoa funguo, na mfukoni mwake zitakuwamo nyingine. Tunamwombea kheri, na tunawanasihi wanaomfuata waanze kuhesabu leo.