Mshipi Hukatika Palipo Dhaifu

Mashauri kwa wavuvi wakokotao mshipi baharini

Kila mvuvi wa pwani yetu, tokea Kiunga hata Vanga, aujua uchungu wa mshipi uliokatika. Chombo kimekwenda tangu alfajiri, chambo kinafuata nyuma katika povu, mara mshipi wanyoshwa kwa nguvu na mikono yaungua. Kisha ghafula wote walegea, hauna kitu. Nguru amekwenda zake na ndoana mdomoni, na pamoja naye imekwenda karo ya mtoto, au unga wa juma zima.

Jambo hili aghalabu huitwa bahati mbaya, au husemwa kwamba samaki alikuwa mkubwa kupita kiasi. Lakini mara nyingi sababu yake ingaliweza kuonekana kwa macho na kuguswa kwa vidole kabla chombo hakijang'oa nanga: fundo lililofungwa kwa haraka, waya uliopindika, mshipi uliochubuka. Mshipi wa kilo 60 uliofungwa kwa fundo la kilo 20 si mshipi wa kilo 60. Ni mshipi wa kilo 20. Basi yafaa tutazame namna ya kuchagua mshipi ulio madhubuti, na namna ya kutengeneza kile kipande kinachokaa kati ya mshipi na ndoana, ambacho katika makala hii tutakiita kipande cha mbele.

Kuchagua mshipi

Wazee wetu walivua kwa mishipi ya pamba na ya kitani. Mishipi hiyo ilioza upesi, nayo ilihitaji kuanikwa kila siku. Mwaka 1935 wataalamu wa kampuni ya DuPont huko Marekani, wakiongozwa na Wallace Carothers, waligundua nailoni, na baada ya vita kuu vilivyokwisha mwaka 1945 mishipi ya nailoni ilienea katika bahari zote. Nailoni haiozi kwa maji ya chumvi, ina nguvu nyingi kwa wembamba wake, nayo hunyumbuka. Kunyumbuka huko si kasoro. Nguru ashikapo chambo kwa kishindo, nailoni hunyoshwa kidogo na kuupunguza mshtuko, ndoana isipasue mdomo wala mshipi usikatike.

Siku hizi pia kuna mishipi ya nyuzi nyembamba zilizosukwa pamoja, ambayo kwa unene uleule ina nguvu kushinda nailoni. Lakini mishipi hiyo karibu hainyumbuki kabisa, ni laini hata mafundo ya kawaida huteleza, na ikipita mkononi kwa kasi hukata nyama kama kisu. Kwa mtu avuaye kwa mikono mitupu, nailoni nene ndiyo salama zaidi, maana hushikika vizuri.

Ununuapo mshipi, soma maandishi ya kibandiko. Tazama mambo mawili: unene kwa milimita, na uzito ambao mshipi waweza kuuhimili. Nailoni yenye unene wa milimita 0.9 kwa kawaida huhimili karibu kilo 45, ingawa viwanda havilingani. Kumbuka vilevile kwamba nailoni hunywa maji, na ikilowa hupungua nguvu; basi usitegemee kilo zote zilizoandikwa.

Jambo jingine la kukumbuka ni hili: nguvu hazifuati unene kwa hesabu ya moja kwa moja. Mshipi ulio mnene mara mbili una nguvu karibu mara nne. Vivyo hivyo, mshipi ukilika pande zote hata unene wake ukabaki nusu, nguvu iliyobaki si nusu bali ni robo. Ndiyo maana mchubuko ambao jicho hulidharau huweza kumpoteza samaki mkubwa.

Kwa nini kipande cha mbele?

Kipande cha mbele hutengenezwa kwa kufuata samaki atafutwaye. Nguru ana meno makali yaliyopangika kama wembe, na mzia ana meno marefu; wote wawili huikata nailoni kwa dakika moja. Samaki hawa wahitaji waya. Jodari hana meno ya kukata, lakini ana macho makali, na akiuona waya huenda akakiacha chambo; kwake yafaa nailoni nene na ndefu. Sulisuli, ambaye hufika kwa wingi katika maji ya Malindi na Watamu wakati wa kaskazi, ana mdomo mrefu wenye kukwaruza kama msasa. Naye huvuliwa kwa nailoni nene kuliko ile ya mshipi mkuu, iwe na urefu wa kutosha hata mdomo wake usiufikie mshipi mwembamba.

Kwa nguru, waya wa chuma kisichoshika kutu, ulio uzi mmoja tu, ndio unaopendwa na wengi. Waya wenye unene wa milimita 0.46 huhimili karibu kilo 31, na ule wa milimita 0.56 huhimili karibu kilo 47. Waya wa rangi ya kahawia ni bora kuliko ule unaometameta. Urefu wa mita moja watosha kwa kawaida.

Namna ya kuusokota waya

Waya haufungwi fundo, bali husokotwa. Kazi hii si ngumu, lakini ina utaratibu wake, na mwenye kuuruka atajuta.

Kwanza, pitisha ncha ya waya katika tundu la ndoana, uirudishe upate kitanzi kidogo. Acha ncha yenye urefu wa sentimita 10 au zaidi.

Pili, shika kitanzi kwa koleo. Panua waya hizo mbili ziachane kama panda ya mti, kisha uzisokote pamoja, kila mmoja ukiuzunguka mwenzake sawasawa, mara nne au tano. Hapa ndipo wengi hukosea: huuacha waya mkuu umenyoka, wakauzungusha ncha peke yake. Msokoto wa namna hiyo huteleza samaki avutapo, na kitanzi hufunguka.

Tatu, sasa unyoshe waya mkuu, na ncha uizungushe juu yake mara tano au sita, kila mzunguko ukigusana na mwenzake, kama uzi katika kigurudumu cha cherehani. Mizunguko hii huushikilia ule msokoto wa kwanza usifunguke.

Nne, usiikate ncha kwa koleo, kwa kuwa itabaki kama mwiba, nao utauchana mkono wako siku ya kumpandisha samaki. Ikunje ncha ifanane na mpini, kisha uipeleke mbele na nyuma mpaka ivunjike yenyewe karibu kabisa na mzunguko wa mwisho. Ukipapasa kwa kidole usione ukali, kazi ni njema.

Upande wa pili wa waya fanya vivyo hivyo, lakini badala ya ndoana weka pete yenye kuzunguka. Pete hii ni ya lazima, kwa sababu chambo kinachokokotwa huzunguka majini, na bila ya pete mshipi wote utajisokota. Chagua pete ndogo na nyeusi. Pete kubwa yenye kung'aa humdanganya nguru mwingine akadhani ni dagaa; akiiuma, atakata mshipi juu ya waya, na kazi yako yote itakuwa bure.

Fundo na kibomba

Nailoni ya mshipi mkuu hufungwa katika pete kwa fundo. Pitisha ncha katika pete, uizungushe juu ya mshipi mara tano, uirudishe katika kitanzi kidogo kilicho karibu na pete, kisha uipitishe katika kitanzi kikubwa kilichofanyika. Kabla ya kukaza, lowesha fundo kwa mate. Nailoni kavu ikikazwa hujisugua na kupata moto, na moto huo huidhoofisha palepale panapotegemewa. Kaza polepole, pasipo kukurupusha. Mizunguko ikipandana ovyo, kata ufunge upya. Haraka haraka haina baraka.

Nailoni nene, iliyopita milimita 1.5, haikubali fundo zuri. Hiyo hupitishwa katika kibomba kidogo cha madini laini, ikarudishwa na kufanya kitanzi, kisha kibomba hubanwa kwa koleo lake maalumu. Bana katikati, uache miisho ya kibomba wazi kidogo. Ukiibana miisho, kingo zake zitaikata nailoni.

Kujaribu kabla ya kwenda

Kipande kisichojaribiwa kisichukuliwe baharini. Funika ncha ya ndoana kwa kizibo, uitundike katika msumari imara, upande wa pili uufunge katika mizani ya kuning'iniza, kisha uvute kwa utaratibu mpaka nusu ya uzito unaotajwa. Usisimame katika mstari wa ndoana, maana ikichomoka itakujia usoni. Asiye na mizani avute kwa mikono yote miwili, amevaa glavu. Ni heri kuachwa na kitanzi kibovu nchi kavu kuliko kuachwa nacho penye kina.

Baharini nako yako mambo ya kuangalia. Chombo kikokotacho chambo cha chuchunge huenda polepole, yapata maili 3 hadi 5 za baharini kwa saa. Lakini hata mwendo huo, ukiongezwa kasi ya nguru ajaye, ni mshtuko mkubwa. Mwisho wa mshipi ulio chomboni uungwe na kipande cha mpira wa ndani wa gurudumu. Mpira huo hunyoshwa kwanza na kuipa nailoni nafasi, nao ukivutika humjulisha mvuvi kwamba pana samaki.

Zaidi ya yote, usiuzungushe mshipi mkononi, wala waya kidoleni, wala usiufunge kiunoni. Samaki mkubwa akikimbia ghafula, mshipi uliozungushwa hukata kidole au humtoa mtu chomboni. Samaki aliyekwenda yuko mwenzake. Kidole hakina mwenzake.

Kutunza vyombo vya kazi

Kila samaki akisha kupandishwa, pitisha mita mbili za mwisho za mshipi kati ya vidole viwili. Ukisikia mkwaruzo, kata kipande hicho ufunge upya. Waya uliopindika ukafanya kona usiunyoshe kwa koleo, maana pale penye kona umekwisha kuvunjika kwa ndani. Uweke kando, ufanye mwingine. Mshipi wa mita chache na waya wa mita moja ni gharama ndogo ukilinganishwa na nguru mmoja. Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Urudipo, osha mshipi kwa maji matamu, uukunje katika kibao chake, uuweke kivulini. Jua ni adui wa nailoni. Huifanya kavu na yenye kukatika, na mshipi ulioachwa juu ya paa la banda kwa msimu mzima haufai tena. Mabaki ya nailoni yasitupwe baharini. Nailoni haiozi kwa miaka mingi, na kasa na ndege wa baharini hunaswa humo wakafa bila faida kwa mtu yeyote.

Bahari ina mengi ambayo mvuvi hawezi kuyaamuru. Hawezi kuuamuru upepo wa kusi utulie, wala kumwita nguru aje penye chambo. Lakini fundo lake na waya wake viko chini ya mikono yake mwenyewe. Jioni moja ya kukaa barazani na koleo, waya na mizani yatosha kutengeneza vipande sita vya kuaminika. Anayeitumia jioni hiyo vizuri, siku nguru mkubwa atakapokuja, atakuwa na kazi moja tu: kumvuta.