Bakapu ya Rekodi za Duka Ikikataa, Angalia Haya Manne

Rodi Kopany ni njia panda: magari ya Homa Bay, Rongo na Ndhiwa hukutana hapo. Ukiwa na duka kwenye soko kama hilo, simu moja hubeba mauzo, stoki na madeni ya wateja. Simu ikipotea, salio na miamala yako tunayo sisi kwenye kompyuta zetu. Lakini orodha ya unaowadai, uliyoiandika kwenye programu ya duka, inaweza kuwa kwenye simu hiyo tu. Bila bakapu, utadai kwa kumbukumbu za kichwa.

1. "Nafasi haitoshi." Akaunti ya bure ya Google ina GB 15, na Gmail, Drive na Picha zote zinakula humo. Futa video kubwa, mwaga na pipa la taka, kisha jaribu tena.

2. "Imeshindwa kuunganisha." Kama bando lipo, angalia tarehe na saa. Tarehe ikiwa mbaya, simu huona vyeti vya usalama vya mtandao kama vimeisha muda na kukataa kuunganisha. Weka tarehe ijirekebishe yenyewe.

3. Bakapu imekubali, ila mauzo ya leo hayamo. Programu nyingi za Android hutumia hifadhidata ya SQLite. Mara nyingi rekodi mpya huandikwa kwanza kwenye faili ya pembeni inayoishia na "-wal", halafu ndipo ziingie kwenye faili kuu. Ukikopi faili kuu peke yake, za karibuni zinabaki nyuma. Usikopi kwa mkono. Tumia kitufe cha bakapu kilicho ndani ya programu.

4. Bakapu inakataa kurudi. Huenda ilitengenezwa na toleo jipya kuliko ulilo nalo. Sasisha programu kwanza. Kama ulifunga kwa nywila, iandike mahali salama mapema, maana bila hiyo haifunguki.

Mara moja kwa mwezi, rudisha bakapu kwenye simu nyingine ulinganishe jumla ya madeni. Zikilingana, bakapu yako ni nzima. Kumbuka pia kwamba sheria ya kodi ya Kenya inataka rekodi za biashara zitunzwe miaka 5.

Na mtu akikupigia akisema anataka PIN yako "atengeneze bakapu", kata simu. Bakapu haihitaji PIN ya pesa, na sisi hatutakuuliza kamwe.