Mdakaji Hodari ni Mlinzi Asiyesinzia

Tarehe 21 Juni 1975, katika uwanja wa Lord's mjini London, West Indies ilipambana na Australia katika fainali ya kwanza ya Kombe la Dunia la kriketi. Wengi wanaoikumbuka siku hiyo humkumbuka nahodha wa West Indies, Clive Lloyd, aliyejipatia mikimbio 102. Ni haki yake kukumbukwa. Lakini katika timu hiyo hiyo alikuwamo kijana wa miaka 23, Vivian Richards, ambaye gongo lake lilimpatia mikimbio 5 tu. Kama kriketi ingekuwa mchezo wa gongo peke yake, kijana huyo angalirudi nyumbani ameinamisha kichwa. Badala yake aliwatoa mbioni Waaustralia watatu: Alan Turner, Greg Chappell na nahodha wao, Ian Chappell. West Indies ilikuwa imepata mikimbio 291. Australia iliishia 274. Tofauti ilikuwa 17.

Makala yetu ya leo yahusu watu wa namna hiyo, yaani wadakaji, ambao kazi yao ni kubwa na sifa zao ni chache.

Kwa faida ya wasomaji wetu ambao hawajapata kuucheza mchezo huu, tueleze kwa ufupi. Kila timu ina watu 11. Mrushaji huurusha mpira kuelekea vijiti vitatu ambavyo mpigaji huvilinda kwa gongo lake. Mpigaji akisha kuupiga, yeye na mwenzake aliye upande wa pili, umbali wa kama meta 20, hukimbia kubadilishana nafasi, na kila wabadilishanapo huhesabiwa mkimbio mmoja. Wenzake mrushaji waliotawanyika uwanjani ndio wadakaji. Kazi yao ni kuudaka mpira kabla haujagusa ardhi, kuuzuia usifike mpakani, na kuutupa vijitini kabla mpigaji hajawasili. Mpira wenyewe ni wa ngozi, mgumu, wenye uzito wa gramu 160 hivi. Katika wote hao, mlinda wiketi peke yake ndiye anayeruhusiwa kuvaa glavu. Waliobaki hutegemea mikono mitupu.

Sifa ya kwanza ya mdakaji hodari ni kuwa macho. Mrushaji anapoanza kukimbia, mdakaji huyo naye husogea mbele hatua kadhaa, magoti yamekunjwa kidogo, uzito wa mwili uko kwenye vidole vya miguu, macho yako kwenye gongo. Hufanya hivyo kwa kila mpira, ingawa pengine katika mipira 100 aliyoisogelea, 5 tu ndiyo itakayomjia. Hapo ndipo ilipo taabu ya kazi hii. Kusubiri kwachosha kuliko kukimbia, na kila askari aliyepata kushika zamu ya usiku wa manane anajua tunalolisema.

Sisi wenyewe, tulipokuwa mwanafunzi wa uafisa, tulipangwa karibu na mpaka wa uwanja katika mchezo dhidi ya timu ya askari polisi. Saa nzima mpira haukutujia. Jua lilikuwa kali, nasi tukageuka kutazama lori lililokuwa likipita barabarani. Tulipogeuza shingo, mpira ulikuwa umekwisha kupita miguuni mwetu na kufika mpakani, mikimbio 4. Polisi walitushinda kwa mikimbio 2. Mwalimu wetu hakutukaripia. Alituuliza tu: kama hapo pangalikuwa lango la kambi, ni nani angalikwisha kuingia? Swali hilo tunalo mpaka leo.

Tumtazame basi Jonty Rhodes wa Afrika Kusini, ambaye wengi humhesabu kuwa mdakaji bora kupita wote. Tarehe 8 Machi 1992, mjini Brisbane, Afrika Kusini ilicheza na Pakistan katika Kombe la Dunia. Inzamam-ul-Haq, aliyekuwa amekwisha kupata mikimbio 48, alitoka mbio kutafuta mkimbio mmoja. Nahodha wake Imran Khan, aliyekuwa upande wa pili, akamrudisha. Rhodes alikuwa amekwisha kuuokota mpira. Wengine wangaliutupa, na pengine ungalikosa. Yeye hakuutupa. Alikimbia nao mkononi, akashindana mbio na Inzamam, na alipokaribia akajirusha mzima mzima, akavibomoa vijiti vyote vitatu. Afrika Kusini ilishinda kwa mikimbio 20. Mwaka uliofuata, tarehe 14 Novemba 1993, mjini Bombay, Rhodes alidaka wapigaji watano wa West Indies katika mechi moja. Kabla yake hapakuwa na mdakaji asiye mlinda wiketi aliyepata kufanya hivyo katika mechi ya kimataifa ya siku moja.

Watu husema mtu kama huyo amezaliwa hivyo. Hiyo ni nusu ya kweli. Nusu ya pili ni mazoezi, nayo ndiyo sifa ya pili. Kabla ya Rhodes alikuwapo Colin Bland, mzaliwa wa Bulawayo. Bland alizoea kusimika kijiti kimoja, si vitatu, na kukitupia mpira mara nyingi tena na tena, akitupa huku akikimbia na huku akigeuka. Alipofika Lord's mwaka 1965, vijiti vitatu vilikuwa kwake kama ukuta wa nyumba. Aliwatoa mbioni Waingereza wawili, Ken Barrington na Jim Parks, na Barrington alikuwa amebakiza mikimbio 9 tu afikishe 100.

Hapa inatupasa kusema jambo moja bila kificho. Timu ya Afrika Kusini ya siku za Bland ilichaguliwa kwa rangi ya ngozi. Vijana wengi weusi wenye macho makali na mikono myepesi hawakupewa hata nafasi ya kujaribiwa. Kwa ajili ya ubaguzi huo nchi hiyo ilikaa nje ya kriketi ya kimataifa toka 1970 mpaka 1991. Ustadi wa Bland twausifu, lakini mfumo uliowafungia wenzake mlango hauna sifa.

Sifa ya tatu ni kutokata tamaa baada ya kosa. Turudi kwa Richards na fainali ya 1975. Ian Chappell, aliyekuwa na mikimbio 62, aliupiga mpira upande wa Richards, na mpira ukamponyoka. Chappell, alipoona hivyo, akaamua kukimbia. Lakini Richards hakusimama kujilaumu wala kumtazama nahodha wake kwa aibu. Aliuokota mara moja, akautupa kwa Lloyd aliyekuwa vijitini, na Chappell akatoka. Kosa lenyewe liligeuka kuwa mtego. Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wahenga. Richards aliuziba ufa kabla vumbi halijatua.

Sifa ya nne ni ushujaa wenye akili. Wako wadakaji wanaosimama nyuma ya mpigaji, ubavuni mwa mlinda wiketi, kungojea mpira uliochubuliwa na gongo. Mpira uendao kilometa 140 kwa saa humfikia mpigaji kwa muda wa nusu sekunde hivi, na mdakaji aliye nyuma yake hana nafasi ya kufikiri. Hapo alisimama Rahul Dravid wa India, mtulivu, mikono milaini, kwa miaka 16. Alipostaafu mwaka 2012 alikuwa amedaka mara 210 katika mechi 164 za majaribio, zaidi ya mdakaji mwingine yeyote wa wakati huo asiye mlinda wiketi.

Wako pia wanaosimama mbele ya mpigaji, hatua chache tu kutoka kwenye gongo. Raman Lamba, Mhindi mwingine, alisimama hapo mjini Dhaka mwezi Februari 1998 bila kofia ya kinga, kwa kuwa mipira iliyobaki katika zamu ya mrushaji ilikuwa michache. Mpira mmoja ulimpiga kichwani. Siku chache baadaye alifariki dunia. Ndugu askari, pengine sote tumepata kusema kwamba kazi iliyobaki ni ndogo, hapana haja ya kofia. Kifo cha Lamba na kitukumbushe.

Nasi wa Afrika Mashariki tumo katika habari hii. Katika Kombe lile lile la 1975 ilikuwamo timu ya pamoja iliyoitwa Afrika Mashariki, na miongoni mwa wachezaji wake alikuwa Mganda, marehemu John Nagenda. Timu hiyo ilishindwa mechi zake zote tatu. Ilipita miaka 49. Tarehe 5 Juni 2024, nchini Guyana, Uganda iliishinda Papua New Guinea katika Kombe la Dunia la mechi fupi. Papua New Guinea ilipata mikimbio 77, Uganda 78. Frank Nsubuga, mwenye umri wa miaka 43, alirusha mipira 24 akatoa mikimbio 4 tu. Sifa ni yake, lakini hakuna mrushaji awezaye kupata hesabu kama hiyo ikiwa nyuma yake wadakaji wamesinzia.

Kitabu cha kriketi huandika mikimbio iliyopatikana. Hakina safu ya mikimbio iliyozuiwa. Mpigaji aliyetaka kukimbia, akamwona Rhodes ameinama, akarudi alikotoka, hakuandikwa popote. Na huenda huo ndio uliokuwa ushindi mkubwa kuliko yote. Vivyo hivyo, mwizi aliyeliona lindo liko macho akapita zake haandikwi katika daftari la zamu. Asubuhi huandikwa tu kwamba usiku ulikuwa shwari. Anayejua maana ya maneno hayo ni yule aliyekesha.