Asubuhi Yangu Huanza Jioni

Mimi ni fundi cherehani hapa Sinza, Dar es Salaam. Kazi yangu ni ya kukaa: kuanzia saa 2 asubuhi hadi magharibi mgongo umeinamia kitambaa. Nilipofikisha miaka 43, ngazi za ghorofa moja zilikuwa zikinitoa pumzi. Nikajiwekea lengo: kukimbia kilomita 5 za Kilimanjaro Marathon, kule Moshi, bila kusimama.

Mara tatu nilianza, mara tatu nikaacha. Sikuwa mvivu, maana kuamka nilikuwa naamka. Ila soksi moja iko kwenye kamba, raba ziko uvunguni, umeme umekatika, na mtoto ameshtuka kwa vishindo vyangu. Nikija kuvipata vyote, kumekucha na uji wa watoto unanisubiri. Wahenga walisema nyota njema huonekana asubuhi. Yangu nilikuwa naizima usiku.

Sasa nikishaosha vyombo vya chakula cha jioni, naziweka raba mlangoni, ncha zikitazama nje. Soksi zinaingia ndani ya kiatu cha kulia; ufunguo ndani ya cha kushoto. Chupa ya maji pembeni. Ni kazi ya dakika tatu, lakini alfajiri sina tena cha kutafuta wala cha kujishauri.

Chai ya rangi niliyozoea kunywa saa 3 usiku nimeihamishia mchana. Kafeini haitoki mwilini upesi. Baada ya muda wa saa 5 hivi, karibu nusu yake bado imo. Simu nayo inalala sebuleni, kwa sababu mwanga wake huchelewesha melatonini, homoni inayoujulisha mwili kwamba usiku umeingia. Saa 4 taa imezimwa. Mtu mzima anahitaji walau saa 7 za usingizi, na ndipo misuli iliyochoka hujijenga upya.

Adhana ya alfajiri ndiyo inayoniamsha. Punde jirani yangu anagonga dirisha.

“Shoga, upo?”

“Nipo, nakuja.”

Peke yangu ningejibembeleza kitandani. Kumwacha mwenzangu getini gizani siwezi. Tunatembea dakika 10 viungo vipate moto, kisha tunakimbia dakika moja na kutembea mbili, hadi nusu saa itimie. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Ukizigawa kwa siku 5, ni nusu saa hiyo hiyo. Siku mbili kati ya hizo namalizia ukutani: naegemea na kujisukuma mara 10, kisha nachuchumaa na kuinuka mara 10, maana misuli nayo inataka haki yake. Mwenye presha, sukari au maumivu ya kifua amwone daktari kwanza.

Zipo siku ratiba inavunjika. Majuzi nilikesha na sare za harusi, nikafunga cherehani saa 6 usiku, nimechoka hata kuinama siwezi. Nikajua kesho hakuna mbio. Kufika mlangoni nikazikuta raba zimepangwa, ncha zikitazama nje, soksi ndani ya kiatu cha kulia. Binti yangu wa miaka 8 alikuwa ameziweka kabla hajalala.

Alfajiri ile sikukimbia. Nilitembea.