Kiu ya Mafuta Ulimwenguni na Malipo ya Mkulima

Kila msimu wa ununuzi ukaribiapo, vyama vya msingi hukadiria gharama za kukodi malori, kuendesha mashine na kununua pembejeo. Katika makisio hayo umo mzigo mmoja ambao hakuna mkutano mkuu uwezao kuupigia kura, nao ni bei ya mafuta. Yafaa basi wanachama waelewe bei hiyo yatokana na nini.

Mafuta ghafi huuzwa kwa pipa, na pipa moja ni lita 159 hivi. Mwaka 1965 dunia nzima ilitumia mapipa yapatayo milioni 30 kwa siku. Mwaka 1973 matumizi yalifikia milioni 55 hivi, na mwaka 2019 yalikaribia milioni 100. Hapo kwanza ongezeko kubwa lilitokana na viwanda na magari ya Ulaya, Marekani na Japani. Baadaye likatokana zaidi na Asia. China, ambayo zamani iliuza mafuta nje, tangu mwaka 1993 imekuwa ikinunua mengi kuliko inayouza. Mwaka 2017 iliipita Marekani kwa kuagiza mafuta ghafi.

Wanunuzi wameenea kote, lakini akiba kubwa za mafuta ziko katika nchi chache. Septemba 1960 Iran, Iraq, Kuwait, Saudi Arabia na Venezuela zilikutana Baghdad zikaunda umoja wa OPEC, ili makampuni ya kigeni yasiendelee kupanga bei peke yao. Wanaushirika wanalifahamu vyema jambo la wauzaji kuungana. Iko tofauti moja, hata hivyo: mnywaji wa kahawa aweza kupunguza vikombe vyake, bali lori haliendi bila dizeli. Kwa sababu hiyo upungufu mdogo wa mafuta huleta ongezeko kubwa la bei.

Hivyo ndivyo ilivyotokea Oktoba 1973, wakati wa vita kati ya Israeli na majirani zake Misri na Syria. Nchi za Kiarabu zilipunguza uchimbaji na kuinyima Marekani mafuta. Upungufu huo haukufika sehemu moja ya kumi ya mafuta ya dunia, lakini bei ilipanda kutoka dola 3 hivi kwa pipa hadi karibu dola 12 mwanzoni mwa 1974. Mapinduzi ya Iran ya mwaka 1979 yaliipandisha tena zaidi ya maradufu. Nchi zilizotegemea kahawa, pamba na katani zilijikuta zikitoa mazao mengi zaidi kwa pipa lile lile.

Hapo ndipo biashara ya mafuta inapogeuka kuwa siasa ya mataifa. Mwaka 2023 mapipa yapatayo milioni 20 kwa siku, yaani karibu sehemu moja ya tano ya matumizi ya dunia, yalipita Mlango wa Bahari wa Hormuz, kati ya Iran na Oman, ambao mahali pembamba pana kilometa 33 hivi tu. Ndiyo maana mataifa makubwa huweka manowari karibu na njia hiyo. Agosti 1990 Iraq ilipoivamia Kuwait, majeshi mengi yakiongozwa na Marekani yalikwenda kuitoa. Februari 2022 Urusi ilipoivamia Ukraine, bei ilipita dola 120 kwa pipa mwezi uliofuata, na mbolea nayo ikapanda.

Mkulima hakushiriki katika ugomvi wowote kati ya hiyo, lakini gharama zake humfikia. Bei ya zao hupangwa sokoni. Nauli, usindikaji na magunia hukatwa kwanza, na kinachobaki ndicho malipo yake. Dizeli ikipanda, kinachobaki hupungua, hata kama mizani ni ya haki na katibu ni mwaminifu.

Bei ya pipa haimo mikononi mwa chama, ila idadi ya safari imo. Lori lipelekwe ghalani wakati mzigo umetimia. Vyama jirani vikodi gari kwa pamoja. Injini zitunzwe kwa wakati. Tena gharama za mafuta zisomwe waziwazi mbele ya wanachama, zikiwa peke yake, ili wapambanue hasara iliyotoka ng'ambo na ile iliyotoka ndani ya chama chao wenyewe.